Jimbi Akimgeukia Mwenye Nyumba

Wiki mbili hizi baraza yetu ya Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, haizungumzi siasa wala bei ya samaki. Inazungumza jimbi. Mtoto wa miaka minne alikuwa akirudi kutoka chuo cha Kurani, juzuu mkononi, akapita mbele ya mlango wa jirani uliokuwa wazi. Jogoo akatoka mle ndani mbio, shingo imenyooka, akamrukia usoni. Mtoto alipata mchubuko chini ya jicho, mdogo kama punje ya mchele. Ungepanda juu kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine.

Basi kila mtu akatoa lake. Huyu anasema jogoo yule amelishwa pilipili. Yule anasema ndege mwekundu namna ile si bure, pana kitu ndani yake. Mzee mmoja akamsifu: huyo ndiye jimbi, hao wenu ni makoo walioota upanga! Na bibi wa nyumba ya tatu, aliyefuga kuku tangu mimi sijazaliwa, akalikata shauri kwa maneno mawili: "Mtindeni, mleni." Kwa asiye wa Amu, yaani Lamu, kutinda ndiko kuchinja.

Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa nimeshapitia yangu nyumbani, na makovu mawili ninayo kwenye muundi wa mguu wa kulia, na miezi kadhaa niliitumia kusoma na kuuliza kwa nini ndege niliyemlea kwa mkono wangu alinigeuka. Yaliyosemwa barazani yana ukweli nusunusu, na huo ukweli nusu ndio unaomfanya mtu ampige jogoo teke asubuhi, kisha jioni akashangaa mambo yamezidi.

Kwanza tuelewane kwa majina

Pwani wengi wetu tunamwita jogoo jimbi. Dume ambaye hajawika sawasawa, sauti yake ikikatika katikati kama ya mvulana anayebalehe, ni pora. Jike aliyekua lakini hajataga ni tembe. Akianza kutafuta pembe za nyumba za kutagia ni mtetea, na akishazaa ni koo. Nyama nyekundu ya kichwani ni upanga. Ule mwiba ulio nyuma ya mguu wa dume ni kikwaru, wengine huuita kipi. Majina haya si mapambo. Umri ni sehemu kubwa ya jibu: pora wa miezi mitatu akikudonoa kidole anatafuta punje, lakini jimbi wa miezi tisa anayekuzunguka ana neno na wewe.

Neno linalotuchanganya zaidi ni "mkali", maana tumelitwika mizigo mingi. Jogoo anayepiga kelele akiona mwewe tunamwita mkali. Anayepigana na jogoo wa jirani, mkali. Anayewapanda kuku mpaka migongo ikabaki uchi, mkali. Na anayemrukia binadamu naye mkali. Hayo ni mambo manne mbalimbali, na ndege mmoja anaweza kuwa na moja bila ya mengine. Ninalotaka kulifumbua hapa ni hilo la mwisho, ingawa yale mengine yatapita njiani.

Mlinzi hupiga mbiu

Mzee aliyemsifu jogoo yule alikuwa na hoja moja: jimbi mkali ndiye mlinzi. Hapa ndipo tunapokosea wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtazame jogoo mwema akifanya kazi. Kuku wake wanachakura vichwa chini, yeye kichwa juu. Kila baada ya muda anakiinamisha upande, jicho moja linatazama ardhi na la pili linatazama mbingu. Kikipita kivuli cha mwewe hutoa sauti moja ndefu, nyembamba, na kuku wote hutoweka chini ya chochote kilicho karibu. Akiona paka au nguchiro hutoa sauti nyingine kabisa, ya kukatakata, na safari hii kuku hawajifichi. Wanasimama wima na kutazama huku na huku. Watafiti wamewahi kurekodi sauti hizo mbili na kuwachezea kuku waliokuwa hawaoni hatari yoyote, na kila sauti ikaleta mwitiko wake. Jogoo huyo huyo akipata mdudu mnono hamli. Huita kwa sauti ya chini ya harakaharaka, akimwokota na kumwangusha, mpaka kuku mmoja aje amchukue.

Katika hayo yote hakuna mahali anapohitaji kumrukia mtu. Mlinzi hupiga mbiu. Jogoo wa jirani yetu alimfuata mtoto hatua ishirini nje ya mlango, na wakati huo makoo wake walibaki ndani na paka wa Langoni, ambao sote tunawajua. Huo ulinzi wa namna gani?

Baraza la kuku

Kinachomsukuma ni cheo. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuwatazama kuku tangu utotoni, akiandika nani kamdonoa nani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akachapisha alichokiona: kila kuku katika kundi anajua nani anaweza kumdonoa na nani hathubutu kumgusa. Si vurugu hata kidogo. Ni safu, na safu ikishapangika, kudonoana hupungua kwa sababu kila mmoja anajua pake.

Sisi watu wa baraza tunaielewa hiyo bila kufundishwa. Hakuna aliyeandika majina kwenye baraza yetu, lakini mzee wa pembeni akitokea, wote tunasogea, na kijana akikaa pale kwa kutojua atatazamwa mpaka ainuke mwenyewe. Msukumano hutokea pale tu anapokuja mgeni, au mwenye nafasi anapofariki, au kijana anapoanza kujiona mzee. Kwa kuku ni hivyo hivyo.

Hata kuwika kunafuata safu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walieleza mwaka 2015 kwamba majogoo wakiishi pamoja, wa cheo cha juu ndiye huanza kuwika alfajiri, na wengine hufuata mmoja baada ya mwingine kwa daraja zao. (Waislamu tumekatazwa kumtukana jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa sala, lakini nakiri kwamba kuna asubuhi niliikaribia dhambi hiyo.)

Sasa, binadamu anaingiaje katika safu ya kuku? Kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni malezi. Kifaranga aliyekuzwa na mama yake hujifunza kwamba mtu ni kitu kikubwa kinachopita. Hakikimbii mno wala hakisogelei. Kifaranga aliyelelewa kiganjani hana hofu hiyo. Wafugaji wengi watakwambia kilekile nilichokiona mimi, kwamba majimbi wasumbufu mara nyingi ndio waliokuwa vipenzi vya watoto. Kwake wewe ni mwenzake wa kundini, tena mwenzake wa ajabu: mkubwa, anawashika makoo wake mbele ya macho yake, anaondoka na mayai. Homoni zikipanda, kati ya miezi mitano na mwaka, anataka kujua kati yenu nani anakaa pembeni mwa baraza.

Mlango wa pili ni hofu. Kiwanda cha nyumba ya Lamu, yaani ua wake wa ndani, kina kuta nne na mlango mmoja. Ukiingia na kusimama mlangoni, jogoo mwoga hana pa kutokea, na mwoga aliyebanwa ukutani hupiga. Huyu hutofautiana na wa kwanza. Mwenye kutafuta cheo hutoka mbali kukujia wewe. Mwoga hupiga ukimkaribia tu, kisha hukimbia akipata upenyo. Mwoga mpe njia, basi. Yaliyobaki katika makala haya ni ya yule mwingine.

Kuhusu hizo homoni, mwaka 1849 huko Göttingen, Ujerumani, daktari aitwaye Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga sita akawatoa korodani. Wawili akawaacha hivyo. Wanne akawarudishia moja moja, akiipachika tumboni mahali ambapo si pake. Wale wawili upanga wao ulinywea, hawakuwika kijogoo, hawakupigana. Wale wanne walikua majogoo kamili, wakorofi kama desturi. Maana yake kuna kitu korodani inakitia kwenye damu, na damu inakipeleka kichwani na kwenye upanga. Leo tunakiita testosteroni. Nasimulia haya ili mtu asidhani ndege wake ana nia mbaya au kinyongo cha jana. Wala asikimbilie kisu cha kuhasi: korodani za kuku ziko ndani kabisa, mgongoni, na kumpasua bila utaalamu ni kumuua polepole.

Asubuhi ya ufagio

Wangu aliletwa kwa mashua kutoka Pate, kifaranga wa siku chache ndani ya kapu la ukili, zawadi ya shangazi yangu. Ukoo wa kuchi, kuku warefu wa kupigana, akaniambia kwa fahari. Alikuwa peke yake, kwa hiyo alilala jikoni ndani ya kapu lile lile, na wanangu walimlisha wali kwa viganja. Alipanda mabegani mwao. Tulicheka sana miezi ile.

Alipofika miezi minane, asubuhi moja nilikuwa nafagia kiwanda kwa ufagio wa chelewa, nimeinama, leso kiunoni. Nikamwona anakuja, lakini haji moja kwa moja. Anakuja upande upande, hatua fupifupi, bawa la upande wangu limeshuka mpaka manyoya yanakwaruza sakafu. Akasimama kama hatua tatu kutoka kwangu na kuanza kudonoa chini kwa haraka. Nikashangaa: anadonoa nini, na hapo ndipo nimemaliza kufagia? Manyoya ya shingo yakafunguka kama mwavuli. Nikamwambia "wee, hebu", nikampa mgongo, pindo la leso likapepea. Nilichosikia baada ya hapo ni kishindo cha mabawa na moto kwenye muundi. Nikakimbia. Mlango niliufunga kwa mgongo.

Sasa najua kwamba alinisomea barua nzima nami sikujua kusoma. Kushusha bawa na kuja upande ndiyo ngoma ya jogoo; humchezea kuku akimtaka, na humchezea jogoo mwenziwe akimtisha. Kudonoa pasipo na chakula ni dalili ya ndege aliye njia panda, nusu anataka kupiga, nusu anaogopa. Shingo ikifunguka, ameshaamua. Hurusha miguu yote miwili mbele, vikwaru vikitangulia, na ndiyo maana majeraha yake ni matundu, si mikwaruzo.

Na kuna pindo lile. Nisichukuliwe kuwa nimelifanyia utafiti, lakini nilihesabu: nikivaa suruali ya kazi alinijia mara chache, nikivaa leso au buibui lenye pindo refu alinijia karibu kila siku. Pindo linalopepea liko sawasawa na macho ya jogoo. Huenda kwake lilikuwa bawa linaloshushwa na mtu anayemchezea ngoma yake mwenyewe.

Siku ya pili nilifanya kosa kubwa kuliko la kukimbia. Nilimpiga teke. Aliruka kando, akajikung'uta, akarudi mara tatu mfululizo. Nilidhani nimemwadhibu, kumbe nimekubali kupigana. Kukimbia kunamwambia ameshinda, na teke linamwambia raundi ya pili imeanza.

Kilichonifaa, na kisichonifaa

Jirani mmoja wa Gadeni, mfugaji wa miaka mingi, alinipa ungo. Si wa kupepetea. Wa kushika mbele ya miguu kama ngao. "Usimpige nao dada yangu, mwache aupige yeye." Nikaingia kiwandani nimenyooka, uso kwake, ungo chini. Akaja na ngoma yake, akaurukia ungo, ukamrudisha. Sikusogea nyuma. Alipotua nikamwendea, hatua moja, taratibu, kisha nyingine, bila kupaza sauti, mpaka akageuza kichwa na kuondoka kwenda kuchakura. Hapo ndipo na mimi nikaondoka. Siri iko hapo tu: mazungumzo uyafunge wewe, yeye akiwa ndiye aliyesogea. Ukiondoka wakati bado anakukodolea, umempa ushindi.

Nikaacha kumlisha mkononi. Chakula nakimwaga, naondoka. Kuku nikitaka kumshika namshika usiku. Kuku hawaoni vyema gizani, na jimbi anayetamba mchana usiku ukimnyanyua kwenye kitanda chake cha kulalia hutulia kama kifurushi. Ukiwa na jogoo mkorofi wa kuhamisha, kumkagua au kumkata kucha, usihangaike naye saa sita mchana mbele ya wake zake. Subiri Isha.

Wapo wanaopendekeza kumbeba: mshike, mbane kwapani na mabawa yake, tembea naye dakika kumi na tano mbele ya kundi mpaka alegee. Nilimbeba siku tisa. Kwangu mimi alitulia, siwezi kukataa. Lakini kuku huwajua watu mmoja mmoja. Siku ya kumi nilipita mbele yake kwa amani, na dakika tano baadaye akamrukia mama yangu aliyekuja na sinia la mbaazi. Amani aliyoiweka na mimi haikuwa amani na nyumba. Nionavyo, kumbeba kunafaa kwa mtu anayeishi peke yake, au mahali ambapo mtu mmoja ndiye anayeingia bandani. Nyumba ya Lamu yenye watoto sita, wageni na muuza maji haina nafasi hiyo. Na mtoto asiambiwe kamwe "simama imara, atakuzoea". Uso wake uko pale pale kikwaru kinapofika.

Kabla ya yote hayo, hesabu kuku wako. Jimbi mmoja anatosha kuku wanane hadi kumi na wawili. Wengi mjini tuna jimbi na kuku watatu, halafu tunalalamika migongo yao imenyonyoka. Wale watatu wanabeba kazi ya kumi, na yeye hana la kufanya ila kuzunguka akitafuta mshindani. Ukishindwa kuongeza kuku, mtenge dume kwenye tundu lake nusu ya siku. Weka pia ubao au kipande cha makuti katikati ya kiwanda, ili kuku anayekimbizwa apate pa kupotelea machoni. Ni jambo dogo, lakini lilibadilisha kiwanda changu kuliko ungo.

Jimbi mzee aliyekuwa mpole akigeuka ghafla, mkague kabla ya kumhukumu. Utitiri chini ya mabawa, uvimbe kwenye wayo, magamba ya miguu yaliyoinuka: maumivu humfanya ndege yeyote awe na ghadhabu.

Vikwaru unaweza kuvipunguza ncha, tena ncha tu, kwa tupa. Ndani yake kuna mfupa wenye damu, na ukikata karibu na mguu umemjeruhi vibaya. Tabia haibadiliki kwa hilo, jeraha ndilo hupungua. Ile ya kuvichomeka kwenye kiazi cha moto ili vichomoke siipendi hata kidogo, inaunguza.

Na ukipigwa, usipuuze kwa sababu ni kuku. Tundu la kikwaru ni jembamba lakini lina kina, na mguu wa kuku unatoka kukanyaga samadi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda hospitali uulizie sindano ya pepopunda, hasa kama hukumbuki ulichomwa lini. Jeraha la jicho halingoji asubuhi. Wazee wenye mishipa iliyovimba miguuni wakae mbali kabisa na jogoo wa namna hii: mwaka 2019 kulichapishwa habari ya bibi wa miaka 76 huko Australia aliyefariki kwa kuvuja damu baada ya jogoo wake kumdonoa mguuni, penye mishipa hiyo.

Pilipili, wekundu na damu ya kuchi

Turudi barazani. Pilipili haimfanyi jogoo mkali, kwa sababu hausikii ukali wake. Ule moto tunaousikia ulimini unatokana na kitu kinachogusa vipokezi vya joto katika mishipa yetu ya fahamu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipokezi hicho kwa kuku kimeumbwa tofauti, na ule ukali haukiamshi. Jimbi anaweza kula pilipili kichaa kama wewe unavyokula karanga. Ndege ndio wanaosambaza mbegu za pilipili porini, na isingekuwa hivyo wangeila vipi? Na tukiwa hapo hapo, maji ya pilipili hayatibu mdondo (wengine huuita kideri) pia. Mdondo hauna dawa, una chanjo.

Wekundu ndio rangi ya babu yao, kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kama wekundu ungekuwa jini, basi kuku wote duniani wana jamaa huko.

Kwamba kuku hawatagi bila jimbi, si kweli. Koo hutaga akiwa peke yake, kila baada ya saa ishirini na tano hivi anapokuwa msimuni. Jimbi unamhitaji kwa vifaranga tu. Ungeshangaa wangapi wanavumilia jogoo anayewapiga watoto wao kwa kuogopa kukosa mayai ya chai ya asubuhi.

La kwamba kuchi ni mkali kwa damu yake linataka uangalifu zaidi. Visiwani hapa kuchi ni fahari: mrefu, shingo kama mlingoti, kifua wazi, upanga mdogo, amesimama wima kana kwamba anasubiri kukaguliwa. Uchunguzi wa vinasaba vya kuchi wa Tanzania umewakuta na undugu na kuku wa kupigana wa Mashariki ya Asia, wakiwemo shamo wa Japani. Safari ya bahari hiyo, na sisi watu wa bahari hatuwezi kushangaa. Kwa hiyo ni kweli kwamba kuchi amezaliwa kupigana, ila kupigana na majogoo wenzake. Watu waliowachagua kizazi baada ya kizazi walikuwa wakiwashika kwa mikono kila siku, na jogoo aliyemdonoa bwana wake hakuwa na faida kwao. Wapo makuchi wapole kwa watu kuliko kienyeji wa kawaida. Alichonacho kuchi ni uzito: akikomaa hufika kilo tatu na ushei, na kilo tatu zikikujia hewani unazisikia. Kuwapiganisha, niliseme na hili, ni kosa chini ya Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hata kama ni "mchezo wa watoto tu" nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo shangazi yangu hakunipa ndege mbaya. Nilimharibu mwenyewe kwa viganja vya wali, na kwa kumweka na kuku watatu ndani ya kuta nne.

Neno la bibi

Nilijipa mwezi mmoja. Kwa mwenye jimbi wa namna hii, nadhani mwezi ni muda wa haki. Ukiona kila siku ngoma inapungua, endelea. Ukiona anamchagua aliye mfupi kuliko wote, acha. Kumpa mtu mwingine bila kumwambia ni kumhamishia jirani yako jeraha. Kumfungia maisha kwenye tundu la futi mbili nako si huruma. Mama yangu alipigwa siku ya kumi, mwanangu wa mwisho siku ya kumi na nane, mgongoni, ameinama kuokota ndara. Sikufika siku ya thelathini. Bibi wa nyumba ya tatu ndiye aliyeleta kisu, na hakusema nilikwambia, ingawa macho yake yalisema.

Nyama ya jimbi wa umri ule ni ngumu kama kamba ya nanga. Ipake papai bichi lililosagwa, iache saa kadhaa, kisha ichemshe taratibu kabla ya kuitia tui. Tulikula kimya kidogo siku ile, watoto hasa.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui, nami nililijua kwa bahati. Koo huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini mwake, na mayai yake yanaweza kuendelea kutotoa vifaranga kwa wiki mbili hivi baada ya jogoo kuondoka. Ukali unarithiwa, kwa sehemu yake. Mayai ya wiki mbili zile tuliyakaanga yote. Koo mmoja alipong'ang'ania kuatamia nilimwekea mayai ya jirani wa Gadeni, ya jimbi wake mpole. Dume mpya naye alikuja kutoka huko huko, na kama wasemavyo, kuku mgeni hakosi kamba mguuni: alikaa wiki mbili amefungwa pembeni, kwanza nione kama ana mafua au mdondo, na kuku nao wamzoee kwa macho.

Siku ya 21 walitotolewa saba. Wanangu wanaruhusiwa kuwatazama kutoka mlangoni, mama yao kuku anawazungusha. Kapu la ukili nimelitia vitunguu.